Mwalimu Aliyesaka Akili Machungani

Mtu niliyemchukia kwa muda mrefu kuliko wote ndiye aliyenifundisha kuandika. Herufi hizi zenye mikia mifupi ni zake. Alisema mkia mrefu ni wino wa bure. Kwa hiyo hata ninapomsema vibaya, mwandiko ni wake.

Alikozaliwa sikujui. Wazee wa kwetu walisema ni mtu wa Tabora, wengine wakasema ametoka upande wa Ziwa, naye hakusaidia upande wowote. Alikuja Shinyanga akiwa mtu mzima tayari, na Kisukuma alikisema kama mtu anayetembea pekupeku kwenye miiba, akichagua pa kukanyaga. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Walimu wengine walikuja wakaondoka, wakaitwa kwa majina yao. Yeye alikuwa Mwalimu.

Alikuwa mfupi, na kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Soksi zilifika magotini hata mwezi wa kumi, wakati ardhi ya mbuga inapopasuka nyufa za kuingiza mguu. Chaki moja aliikata vipande vitatu kwa kisu, akafungia viwili kwenye kopo. Alikuwa na baiskeli nyeusi, na akifika mahali aliipangusa vumbi baiskeli kwanza, ndipo akajipangusa uso. Watu walisema angeoa baiskeli ile kama mapadre wangekubali.

Shule ilikuwa ya mtemi: vyumba viwili vya matofali mabichi, paa la nyasi, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kuwa kengele. Ili mtu amwelewe Mwalimu, lazima aelewe jinsi shule ile ilivyojazwa watoto. Vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha, mtemi aliamuru kila mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alete watoto, mmoja kila nyumba. Amri ya mtemi haikukataliwa, ilikwepwa. Kila baba aliwatazama wanawe akajiuliza: yupi hana kazi? Mtoto mwerevu alikuwa mtoto wa ng'ombe. Aliyemjua kila ndama na mama yake, aliyekumbuka maji yanabaki wapi kiangazi kikikaza, huyo nani angempeleka akakae kwenye benchi? Alipelekwa aliyebaki. Shule ikajaa wenye miguu mibovu, wenye degedege, mayatima wa shangazi wasiowapenda, na watoto waliokwisha kupoteza ng'ombe.

Sisi wachungaji tuliwangoja asubuhi njiani. Wakipita tulipiga kelele: "Ukoko huoo! Ukoko unakwenda shule!"

Kaka yangu Luhende alikuwa ukoko. Alinizidi mwaka mmoja na nusu. Aliwahi kupewa ng'ombe kuchunga, wakaingia kwenye mtama wa jirani wakala mpaka wakashiba, na yeye akakutwa ameketi akilinda kichuguu chekundu, ametulia kabisa, akidhani ni fahali wetu. Baba aliisimulia hadithi hiyo kila palipokuwa na pombe. "Nilimwuliza, kichuguu kimekula nini leo?" Watu walicheka mpaka wakamwaga vibuyu. Amri ya mtemi ilipokuja, nyumba yetu haikufikiri hata dakika moja.

Mwalimu ndiye mtu wa kwanza kutambua kwamba analetewa ukoko. Hakulalamika kwa mtemi. Jumamosi alipanda baiskeli akaenda lamboni, mahali ng'ombe wa vijiji vyote walipokunywa maji, akasimama juu ya tuta na daftari mkononi. Tulidhani ni mambo ya chanjo. Akaniita.

"Wewe, kundi lako lina ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, Mwalimu. Baba hapendi."

"Sawa. Usiwahesabu. Nani hayupo?"

Niligeuka nikalitazama kundi, si kwa kutafuta, kwa kulitazama tu kama mtu anavyoutazama uso wa mama yake. "Yule wa pembe iliyovunjika. Na ndama wa dada yake."

"Wako wapi?"

"Nyuma, karibu na ngitili, yale malisho ya akiba ya mwanangwa. Ng'ombe anachechemea, ndama anamngoja. Watafika hawa wakimaliza kunywa."

Alitazama saa yake. Ng'ombe walipomaliza kunywa, wale wawili wakatokea kwenye minyaa, mmoja akichechemea.  Mwalimu aliandika kitu, akaipangusa baiskeli, akaondoka.

Kesho yake alikuja nyumbani. Baba alimpa kigoda, Luhende akamletea maji kwenye kibuyu.

"Baba Luhende," alisema Mwalimu, "nimekuja kubadilisha."

"Kubadilisha nini?"

"Huyu nakurudishia. Nipe yule wa ng'ombe."

Baba alicheka akawaita majirani. "Njooni msikie! Mwalimu anabadilisha mtoto kama shati dukani!" Kisha akasema, "Ngosha, mwanamume mwenzangu, yule wa ng'ombe ndiye zizi langu. Ukimchukua, unaniachia nini? Huyu mchunga vichuguu?"

Majirani walicheka. Luhende naye alicheka, ameshika kibuyu.

Mwalimu alingoja kicheko kiishe. "Jana lamboni niliwaona ng'ombe wako," alisema polepole. "Ni wengi kuliko wale ulioandikisha kwa mtemi."

Miaka ile Serikali ilikuwa inataka mifugo ipunguzwe, na hapakuwa na mzee aliyeandikisha ng'ombe wake wote. Baba aliacha kucheka. Mama, aliyekuwa anaanika michembe ya viazi juu ya mwamba, aliinua kichwa akamtazama Mwalimu, akarudi kwenye michembe yake. Jumatatu nilikwenda shule.

Ndivyo alivyofanya kazi. Wengine wamenieleza baadaye kwamba nyumba moja aliitia hofu kwa habari ya pombe ya moshi, nyingine aliibembeleza miezi minne. Watoto wazuri aliwapata machungani mmoja mmoja, kama mtu anayeokota karanga zilizosahauliwa shambani baada ya mavuno. Na kila alipomwokota mmoja, alimrudisha mmoja.

Palikuwa na tatizo la rejista. Majina yalikuwa yameandikwa na nakala iko kwa mkaguzi. Mwalimu hakutaka maswali. Aliniita mbele ya darasa la tatu. "Kuanzia leo wewe ndiye Luhende."

"Na kaka?"

"Kaka yako hana haja ya jina hapa."

Nyumbani niliendelea kuwa Masunga. Shuleni nilikuwa Luhende, na vyeti vyangu vyote ni vya Luhende, na mpaka leo nikiitwa ofisini nachelewa kidogo kuitika. Nimezunguka sana nchi hii. Nimekuwa karani kwenye jineri ya pamba, mpima mizigo stesheni, mwandishi wa mnada wa ng'ombe. Hakuna mahali nimemaliza miaka mitatu. Watu husema nina miguu inayowasha. Huenda ni kweli. Mimi nadhani mtu akikaa mahali sana huanza kuulizwa yeye ni nani.

Alifundishaje? Vizuri. Nasema hivyo kwa uchungu. Sijapata kumwona tena mtu aliyejua kufundisha kama yule. Lakini hakufundisha darasa. Alifundisha watoto watatu au wanne waliokuwa ndani ya darasa. Mchana wengine wakienda kulima pamba ya shule, sisi wachache tulibaki ndani na maswali. Wenzetu walipita dirishani na majembe wakitudhihaki. "Bibi harusi hatoki juani! Bibi harusi ataharibu ngozi!" Tuliona haya, ila tulifurahi pia.

Vitabu vilikuwa viwili. Kwa hiyo alikusanya karatasi za gazeti zilizofungiwa sukari dukani, akazinyoosha kwa pasi yake ileile ya kaptula, akatupa tusome. Habari ilikatika katikati kila mara. "Malizieni wenyewe," alisema. Tuliandika mwisho wa habari za meli, za wafalme, za bei ya katani. Kisha alisoma kazi zetu kwa sauti na kutuonyesha wapi tumedanganya.

Alikuwa na misemo. "Akili ni ng'ombe, usipoichunga itakula shamba la jirani." Huo aliusema mara nyingi, nadhani kwa ajili yetu wachungaji. Mwingine ulikuwa mfupi zaidi: "Sina kiti cha mtu wa katikati." Mtoto akishindwa swali mara ya tatu, alimtazama kwa upole kabisa, akausema huo, na mtoto yule hakuulizwa tena mpaka muhula uishe. Fimbo yake iliuma, lakini upole ule uliuma zaidi.

Siku moja aliniandikia swali: mtu ana mbuzi kumi na saba, awagawie wanawe wawili sawasawa, asichinje, asiuze. Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nikaandika nane na nane nikafuta-futa kibao pale penye mbuzi aliyezidi. Alinichapa viboko vitatu.

"Nimekupa swali bovu. Kwa nini hukuniambia ni bovu?"

"Wewe ni Mwalimu."

"Ndiyo maana nimekuchapa."

Jioni nilimkuta Luhende akifunga ndama, nikamsimulia, nikimwonyesha mgongo. Hakuacha hata kufunga kamba. "Swali si bovu," alisema. "Wa kumi na saba mpe mama yao."

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu jibu hilo. Alitazama nje kule ambako pamba ilikuwa inapaliliwa. "Hili jibu ni lako?"

"Ni langu."

"Haya," akasema. "Kaa."

Naandika haya kwa sababu sitaki nionekane kama mtu aliyekuja kumhukumu mwenziwe akiwa na mikono safi. Kila siku nilipotoka shule, Luhende aliniuliza tumesoma nini. Nilimwambia hesabu naye akanijibu, huku anakimbiza ndama, huku anakamua, haraka kuliko mimi na kibao changu. Nilijiambia ni kwa vile alikwisha kuyasoma kabla sijaja. Mengine hakuwa ameyasoma, nami nilijua. Mtoto hujua mambo mengi asiyokiambia kinywa chake.

Lakini mtu akidhani Mwalimu alikuwa mwovu tu, atakuwa amekosea njia. Mwaka wa njaa, mtama ulipokauka ukiwa na urefu wa goti, alifungua ghala lake akawapikia uji watoto wa shule, na walioanza kupewa walikuwa wale wale tuliowaita ukoko. Wachache wake sisi tulikula mwisho. "Nyinyi mna akili," alisema, "mtajua la kufanya." Mtoto mmoja mwenye degedege alianguka akiwa kwenye mstari wa asubuhi, akauma ulimi. Mwalimu alimfunga kwenye baiskeli kwa shuka lake mwenyewe akampeleka mpaka hospitali ya mjini, safari ya nusu siku kwenye jua, akilisukuma gurudumu mahali penye mchanga. Aliporudi, soksi zilikuwa zimeshuka. Hatukupata kuziona zimeshuka tena. Mtoto alipopona akarudi, Mwalimu alimweka benchi la nyuma kama zamani na hakumwuliza swali hata moja.

Dhahabu aliichukia kuliko ujinga. Kabla yangu alikuwa na mwanafunzi aliyempenda, wa kwanza kumpeleka shule ya kati, ambaye alitoroka huko akaenda Geita machimboni. Mwalimu alichukua baiskeli akamfuata, siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Alirudi peke yake, mweusi kwa vumbi. Darasa zima tulingoja.

"Nimemwona," alisema. "Amenunua saa mbili. Anavaa moja kila mkono."

Mmoja wetu akacheka. Hakumchapa. Aligeukia ubao akaandika hesabu, chaki ikakatika, akaiokota, ikakatika tena.

Mwaka wa mtihani wa darasa la nne sikulala vizuri. Utemi mzima ulitengewa nafasi chache, na shule yetu ikibahatika ilipata moja. Mkaguzi alikuja na gari, akaandika maswali ubaoni kwa mkono wake, akakataza mtu kuinuka kwenye benchi mpaka kengele ya mwisho. Nilipita. Mwalimu hakunipongeza. Alinipa jozi moja ya soksi zake na kuniambia, "Usirudi hapa kuniamkia. Nenda mbele."

Luhende alinisindikiza mpaka barabara kuu, akibeba sanduku langu kichwani. Lori lilipotokea mbali nilisema, "Lile linakuja." Akageuka upande si wenyewe, akainamisha kichwa akasikiliza, kisha akageuka vizuri. "Ehe," alisema. "Linakuja." Miaka miwili baadaye baba alipouza ng'ombe wengi kwa amri ya Serikali, hapakuwa na cha kuchunga, naye akaenda Geita.

Sekondari ndiko nilikoelewa. Mwanafunzi mwenzangu wa kidato changu, kijana wa upande wa Usumbwa, alikuwa akishika daftari puani, na tulimtania kwamba anasoma kwa kunusa. Daktari alipopita kupima shule, akampa miwani. Siku ya kwanza alikaa darasani akiangalia ubao, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Haya maandishi siku zote huwa yanasomeka mpaka huku nyuma?"

"Ndiyo. Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani mwalimu anajiandikia mwenyewe, asisahau."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Kichuguu chekundu. Lori. Kibao ambacho Luhende alinisimulia alivyokishika puani, nacho kilimletea viboko vya Mwalimu: "Acha kunusa kibao, andika!" Kwetu hakuna aliyejua kwamba jicho linaweza kuwa zima, jeupe, halina mtoto wa jicho wala trakoma, na bado lisione mbali. Mtu aliyeshindwa kuona ng'ombe alihesabiwa mjinga wa ng'ombe, akapelekwa mahali penye ubao. Akashindwa ubao, akarudishwa kwa ng'ombe.

Nilikaa na jambo hilo miaka kadhaa. Nilipanga maneno nitakayomwambia Mwalimu, nikayapanga upya kila nilipohama kazi. Nilitaka ajue kosa lake. Nilitaka yule mtu wa soksi aone kwamba aliyekuwa kipofu siku ile nyumbani kwetu hakuwa Luhende.

Nilimpata Maganzo, karibu na machimbo ya almasi, miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Shule ilikwisha kupewa mtu mwingine mwenye cheti kikubwa zaidi. Yeye alikuwa na meza kando ya barabara, chini ya kibanda cha majani ya mkonge, akiwaandikia barua wachimbaji wasiojua kuandika. Kaptula ilikuwa ileile, imefifia. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa nyuma yake, inang'aa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Barua ya wapi?"

"Sina barua. Mimi ni Luhende." Kisha nikasema, "Masunga."

Alinitazama juu mpaka chini, akaniashiria gunia la kukalia. Alimaliza kwanza barua aliyokuwa anaandika, akamsomea mwenyewe, mchimbaji mmoja mwenye kofia ya pama. "Hapo pa mama mkwe," alisema yule, "ongeza nguvu kidogo." Mwalimu akaongeza. Mtu yule alipokwenda, tulibaki wawili, na magari yakipita na kutumwagia vumbi.

Nikasema yote. Nilianza na miwani ya yule mwanafunzi, nikaja kwenye kichuguu, nikaja kwenye kibao. Nilizungumza kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Mwishoni nikasema, "Hakuwa mjinga, Mwalimu. Hakuona. Na wewe hukujua."

Alifunga kopo la wino. "Nilijua."

Nilidhani hajanisikia.

"Nilijua tangu mwaka wake wa kwanza. Asubuhi nilikuwa nauliza hesabu za mdomo, anayejibu anakaa. Yeye alikuwa anakaa kabla sijamaliza kuuliza. Mpaka nikaziacha hesabu za mdomo, maana zilinitesa. Nilimweka benchi la mbele. Hakuona. Nilimsimamisha ubaoni. Alihitaji pua yake iguse chaki."

"Sasa kwa nini?"

"Uliufanya mtihani ule. Uliona. Maswali ya mkaguzi yako ubaoni, mtoto hainuki. Nilimwomba mkaguzi amsomee mtoto mmoja kwa mdomo. Akaniambia shule ya mtemi si shule ya vipofu. Na mimi miaka miwili shule yangu ilikuwa haijapitisha mtoto. Waliniambia mwaka wa tatu wanalifunga darasa la nne, watoto wote wale waishie la tatu." Alikung'uta vumbi kwenye goti lake. "Sikuhitaji mtoto wa kuwashinda wote. Nilihitaji mtoto wa kupita. Nikaenda lamboni kutafuta mwenye macho."

"Mimi."

"Wewe. Ulikuwa mzuri. Usidhani nasema hukuwa mzuri." Alinitazama usoni kwa upole. Ulikuwa ni upole ule ule. "Ila nimefundisha miaka mingi, na nimepata mtoto mmoja tu ambaye aliniogopesha. Si wewe."

Pakapita lori la mawe. Tulingoja lipite.

"Miwani ilikuwepo," nilisema. "Mwanza ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Ungempeleka."

"Mshahara wangu haukutosha." Kisha akageuka kutazama nyuma yake. "Nilikuwa na baiskeli," alisema. "Ningeweza kuiuza baiskeli. Nililifikiri jambo hilo, tena si siku moja. Halafu nikasema, nikiuza baiskeli, nitawafuataje wengine machungani?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtosha mtu mmoja, na sasa sikujua niiweke wapi. Angekuwa hakujua, ningemsamehe siku moja. Mtu asiyejua husamehewa. Yeye alijua, akapima, akachagua, na hesabu yake ilikuwa sahihi: darasa halikufungwa, na watoto wengi wa ukoko walijifunza kusoma humo. Nilitafuta kosa kwenye hesabu ile kama alivyonifundisha mwenyewe kutafuta, na sikuliona. Kosa lilikuwa limekaa mbele yake juu ya gunia, lina jina la mtu mwingine.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Geita. Anachimba."

"Mwambie ni macho, si akili."

"Mwambie wewe."

"Mimi sina tena miguu ya siku tatu." Alifungua kopo la wino, akavuta karatasi mbele yake, akachovya kalamu, akaishika juu ya karatasi muda mrefu bila kuandika. Mwishowe akaiweka chini. "Na yeye atasomaje," alisema, "hata nikiandika? Herufi zangu zote zilikuwa ubaoni."

Palikuwa na mwanamke amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni, anangoja barua yake. Niliinuka. Sikumuaga vizuri. Nimesikia kwamba alifariki miaka michache baadaye, na kwamba waliomzika walikuwa wachimbaji.

Kutoka Maganzo nilikwenda Geita moja kwa moja, nikalala njiani Segese, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Luhende kwenye shimo, saa ya mapumziko, na wenzake sita wamekaa juu ya kifusi wanakula ugali. Hakunitambua mpaka nilipomwamkia. Aliposikia sauti aliruka akanishika mabega, akausogeza uso wake karibu na wangu mpaka nikanusa vumbi la mwamba kwenye nyusi zake. Walimheshimu pale. Alikuwa anapewa jiwe, analipitisha kwenye vidole na kuligusa kwa ulimi, anasema litupwe au lisagwe, na hakukosea. Walisema ni dawa.

"Nyinyi!" aliwaambia. "Simameni! Huyu ndiye mdogo wangu niliyewaambia. Msomi! Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kumchukua, mimi akanirudisha kama shati lililochanika!" Alicheka kwa nguvu kuliko wote. "Akili ya nyumba yetu yote ilimwangukia huyu. Mimi nilipata meno tu."

"Basi asome hii!" mmoja akasema, akinipa karatasi chafu yenye tangazo la kambi. Wote walinitazama. Luhende alinitazama pia, uso umeinamishwa upande mmoja, anasikiliza, ana fahari kama mtu aliyeleta fahali mnadani.

Nililisoma tangazo kwa sauti kubwa, vizuri, kama nilivyofundishwa. Walinipigia makofi. Nilikaa pale siku mbili, nikala chakula chake, nikalala kwenye mkeka wake yeye akalala chini. Siku ya tatu nikaaga, nikaondoka. Sikumwambia.